Mama Mkwe na Majaribu ya Sukari

Mama mkwe wangu alikuwa mrefu na mwembamba, na shingo yake ilikaa wima kama ya mtu aliyebeba debe la maji hata siku ambazo hakubeba kitu. Aliishi Ruiru. Mimi na mwanawe tulikaa Thika, upande wa Makongeni, katika chumba kimoja. Mume wangu alifanya kazi katika kiwanda cha mananasi ya mikebe, na jioni alirudi akinukia vizuri kuliko mimi. Ilikuwa miaka ya hamsini, nami nilikuwa bibi arusi wa juzi. Nilimwogopa mama mkwe kiasi kwamba akiwa karibu hata chafya niliimeza.

Ugonjwa wake ulianza na kiu. Alikunywa maji mpaka majirani wakaanza kumtania kwamba anataka kumaliza mto. Akazidi kukonda, ingawa alikula kama mchimba mtaro. Halafu sisimizi wakaanza kupanga mstari nyuma ya nyumba, mahali ambapo alikuwa akienda haja ndogo, na mama mmoja wa kanisani akamwambia wazi, "Wewe una sukari."

Alikasirika sana. "Sukali gani?" aliuliza, maana r ya neno hilo haikuwahi kuzoeana na ulimi wake. "Mimi hununua robo, na wageni ndio humaliza!"

Mume wangu akamleta Thika kwa daktari mmoja Mhindi aliyekuwa na hospitali ndogo mjini. Daktari huyo alikuwa mfupi, mwenye miwani minene, na alipenda kazi yake kama watu wengine wanavyopenda mpira. Alichukua mkojo wa mama, akauchanganya na dawa ya rangi ya bluu, akauchemsha juu ya moto. Bluu ikageuka kijani, kijani ikaelekea manjano. Akaitazama ile chupa kwa furaha, kisha akakumbuka kuna mgonjwa mbele yake, akakunja uso.

"Mama, kutoka leo sukari hapana," alisema. "Sukari kwako ni sumu. Ukiona sukari, wewe nakimbia."

Mama mkwe alilipokea neno hilo kama mtu aliyeokoka. Alirudi Ruiru akatoa mkebe wa sukari nje ya nyumba, akaufunga kwa kamba, akampa jirani ambaye hakumpenda. Chai alikunywa chungu. Watu wakimtembelea na maandazi, aliwaangalia kwa huruma, kana kwamba wamekuja na nyoka mfukoni.

Tuliporudi kwa daktari baada ya wiki chache, alikuwa na jambo jipya. Alisema ugonjwa wa sukari si wa aina moja, na kabla ya kuamua dawa alitaka kujua wa mama ni wa namna gani. Akatueleza vizuri, na mpaka leo sijasikia mtu akieleza vizuri kumshinda.

"Ndani ya mwili kuna kitu naitwa insulini," alisema. "Yeye kama nyapara wa shamba. Mtu akila, sukari naingia kwa damu. Insulini napiga kengele, nasema, sukari yote toka kwa barabara, ingia kazini! Sasa, iko mwili ingine nyapara hayuko, au yuko kidogo. Iko mwili ingine nyapara yuko, napiga kelele mpaka sauti nakauka, lakini watu hawasikii. Mimi nataka kujua mwili ya mama nasikia au hasikii."

Njia ya kujua ilikuwa hii. Siku ya kwanza mama angekuja bila kula, anywe kikombe kizima cha glukosi, kisha atolewe damu kidogo kila nusu saa, daktari aone sukari inapanda vipi na kushuka vipi. Siku nyingine angekunywa glukosi vilevile, lakini wakati huohuo achomwe sindano ya insulini. Halafu daktari angechora matokeo ya siku zote mbili na kulinganisha michoro. Kama sindano imezuia sukari isipande, basi mwili unasikia. Kama sukari imepanda tu bila kujali, mwili ni kiziwi.

"Kwa hiyo, mama," alimalizia akisugua mikono, "Jumanne wewe nakuja hapa. Mimi nataka kukujaribu. Jaribu ya sukari."

Mama mkwe alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Nimesikia." Njia yote mpaka stesheni hakutamka neno lingine. Nilidhani anaogopa sindano.

Jumatatu jioni nilishuka Ruiru kwa treni nikalale huko, nimlete asubuhi. Wakati huo wa Hali ya Hatari iliyotangazwa na wakoloni hukuweza kutoka kijijini bila pasi, yaani kibali, na pasi hukupewa bila kueleza safari. Asubuhi tukasimama mbele ya askari wa kijiji, kijana aliyevaa kofia iliyomzidi kichwa.

"Mnaenda wapi?"

"Thika," akajibu mama mkwe.

"Kufanya nini?"

"Kunywa sukali."

Askari akainua kofia ili amwone vizuri. "Kwani Ruiru hakuna sukari?"

"Iko. Lakini ya Ruiru nimekatazwa."

"Na hiyo ya Thika?"

"Hiyo ni ya daktari. Nikishainywa, wananitoa damu. Halafu wananitoa tena. Wanatoa mpaka saa sita."

Nilitaka kueleza, lakini mbele ya mama mkwe sikuthubutu kudakia. Na siku hizo kulikuwa na uvumi mwingi wa watu wa zimamoto waliosemekana kukamata watu barabarani na kuwanyonya damu. Yule askari akarudi nyuma hatua moja. Akaandika pasi polepole, akaigonga muhuri, akampa kwa mikono miwili.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini, "nenda. Lakini jaribu kurudi."

Hospitalini tulimkuta mgonjwa mwingine kwenye benchi, naye ameitwa kwa kipimo hicho hicho. Alikuwa nyapara wa shamba moja la kahawa, mzee mnene mwenye masharubu makubwa na kofia ya kujikinga jua ambayo hakuivua hata ndani. Yeye pia alikuwa amekatazwa sukari, na aliomboleza kama aliyefiwa.

"Hata ndizi," alituambia kabla hatujaketi. "Hata ndizi wamenikataza."

Daktari akaja na vikombe viwili vikubwa vya bati vilivyojaa glukosi, akampa kila mmoja chake, akaamuru vinywewe vyote, kisha akakimbilia kwenye chumba chake cha kuchemshia dawa. Mama mkwe akanigeukia.

"Mwari," aliniambia, yaani binti, kama alivyokuwa akiniita, "nasikia baridi. Niombee blanketi."

Nje jua lilikuwa linachoma mabati, lakini nani angembishia? Nilizunguka hospitali nzima nikitafuta blanketi. Niliporudi nalo, vikombe vyote vilikuwa vitupu. Nyapara alikuwa akijifuta masharubu, na mama mkwe alikuwa ameketi wima kabisa, uso wake mtulivu kama mtu aliyetoka kushiriki meza ya Bwana.

Basi damu ikaanza kutolewa. Aliyeitoa alikuwa dresa wa hospitali, yaani msaidizi wa daktari, kijana mpole aliyetoka Kisumu. Mama mkwe alinyoosha mkono akatazama dari. Nyapara, kinyume chake, alilia kila mara, "Uui! Nyama yangu!" hata kabla sindano haijafika.

Shida yangu mimi ilikuwa chupa za mkojo. Kila baada ya muda mama alipaswa kutoa kidogo, na mtu wa kupeleka chupa kwa dresa nilikuwa mimi. Lakini mke wa mwana hawezi kutaja kitu kama hicho mbele ya mama mkwe, naye hawezi kukitaja mbele yangu. Akatafuta njia.

"Mwari," alisema akiangalia ukuta, "peleka ile chai."

Nikapeleka ile chai. Nikamwambia dresa, "Mama ametuma chai." Dresa naye akaiweka mezani, na baada ya muda akasahau ni ya nani, akatoka mlangoni akaiinua juu.

"Nani mwenye chai hii?" aliita.

Nyapara alikuwa hajatia chakula mdomoni tangu jana. Akasimama haraka. "Ni yangu!" akasema, mikono mbele. Ilibidi nimshike koti.

Adhuhuri mume wangu alipita kutuona, akaingia wakati daktari anatoka na majibu. Daktari alikuwa na karatasi ya miraba ambayo amechora mistari miwili kwa kalamu. Mstari wa mama mkwe ulianza juu kidogo, kisha ukalala hapo hapo, umenyooka kama reli. Ule wa nyapara ulipanda kama mlima wa Kilimambogo, ukakaa huko juu, na ulipoonekana kutaka kushuka ukabadili nia.

"Mama!" daktari alipaza sauti, akamshika mkono akautikisa. "Mimi sijaona mtu kama wewe! Kikombe kizima cha glukosi, na damu hata hajui! Insulini yako nasema neno moja, sukari yote nakimbia. Huu mwili nasikia sana! Msikivu kabisa!"

Mume wangu akaangua kicheko. "Mama? Msikivu?" Katika maisha yake yote hakuwahi kumwona mama yake akimsikiliza mtu yeyote, iwe ni baba yake, chifu, au mchungaji. Alicheka mpaka akaegemea ukuta.

Nyapara alikuwa hacheki. "Na mimi?"

"Wewe mzee, mwili yako nafikiri kiziwi," daktari akasema kwa masikitiko.

"Kiziwi? Mimi?" Nyapara aliumia sana. "Mimi ndiye hupigia wengine kengele!"

Wiki iliyofuata wakarudi kwa kipimo cha pili, kile cha sindano. Mambo yalikuwa yale yale. Vikombe viwili, bila kula, benchi lile lile. Dresa akawachoma insulini, daktari akawapa vikombe akaenda zake. Mama mkwe akanituma nikaangalie kama mvua inakuja. Nilitoka, nikatazama mbingu isiyokuwa na wingu lolote, nikarudi kumpa habari hiyo. Vikombe vilikuwa vitupu.

Tuliketi. Baada ya muda nikasikia sauti nisiyoijua, ikinikumbusha mlango unaohitaji mafuta. Nikageuka. Mama mkwe alikuwa anacheka.

Sikuwa nimewahi kumwona akicheka. Jasho lilikuwa linamtoka usoni, na alikuwa akimwonyesha nyapara kwa kidole. "Kofia yako," alisema kwa taabu, "ni kama kuku amelalia mayai. Kai! Usisimame, yatavunjika!"

Nyapara akagusa kofia yake kwa wasiwasi. Dresa alipokuja na sindano, mama mkwe akamtazama kuanzia chini. "Kijana, una miguu mizuri," alimwambia. "Mbona unaificha na suruali?" Dresa akaangusha trei.

Kisha akanigeukia mimi, nami nikajua siku yangu imefika.

"Mwari," alisema kwa upendo mwingi, "irio zako, hivyo viazi unavyoponda na mahindi. Mtu anaweza kuzitupa ukutani zikashika. Nimezungumza na Mungu juu ya irio zako. Nimezungumza naye sana."

Akasimama. Mikono ilikuwa inatetemeka, macho yanang'aa, na akaanza kucheza. Haikuwa mambo ya kanisani. Ilikuwa ngoma ya wasichana ya zamani, mabega yakienda huku na kiuno kikienda kule, na huyu ni mama aliyewahi kutoka harusini kwa sababu mtu alipiga filimbi. Nyapara akasogea mwisho wa benchi. "Amekunywa pombe," alininong'oneza. Mimi nilidhani ni pepo. Nilipiga kelele kumwita daktari.

Daktari alifika mbio. Alimtazama mara moja tu, jasho, mikono, macho, na uso wake ukabadilika. "Sukari imeshuka! Imeshuka sana! Lakini vipi? Si amekunywa glukosi? Nani aliona amekunywa?"

Dresa akaniangalia mimi, mimi nikaangalia vikombe. Kisha nyapara akavua kofia yake, kwa mara ya kwanza tangu tumfahamu.

"Daktari," alisema, "mimi ndiye nilikunywa. Yake na yangu. Hata ile Jumanne. Alinipatia kikombe akasema yeye hataki. Sasa mimi ningefanya nini? Hata ndizi mmenikataza!"

Daktari alishika kichwa kwa mikono miwili. Lakini hakukuwa na wakati wa kukishika kwa muda mrefu. Akakoroga glukosi nyingine haraka, akamletea mama mkwe mdomoni. Mama mkwe akakaza meno.

"Ondoka hapa, shetani wa miwani!" alisema kupitia meno hayo. "Wewe mwenyewe ulisema sukali ni sumu. Ulisema nikiiona nikimbie. Halafu unaniletea kikombe kizima, unaniambia, mama, nataka kukujaribu! Unafikiri mimi ni mtoto? Kila siku naomba nisitiwe majaribuni, halafu naitwa majaribuni Jumanne asubuhi! Nilishinda la kwanza. Na hili nitashinda!"

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini alinyamaza njia yote siku ile. Daktari hakuelewa kitu. Alimwita dresa amshike mkono ili wamchome glukosi kwenye mshipa, lakini mama mkwe alikuwa anarusha mikono kama bondia, na dresa tayari alikuwa ameumia pua. Kisha mama mkwe akaanza kuyumba. Sijui nilipata wapi ujasiri. Nilimnyang'anya daktari kikombe, nikapiga magoti mbele ya mama mkwe, nikasema naye kwa Kikuyu.

"Maitu," nilisema, ndivyo tunavyomwita mama, "jaribu limekwisha. Umeshinda. Daktari anasema Thika nzima hakuna mtu ameshinda kama wewe. Hii ni zawadi ya mshindi."

Akaacha kurusha mikono. Akamtazama daktari. "Ni kweli?"

Nilimkazia daktari macho. Alikuwa mtu mwerevu, na Kikuyu cha sokoni alikielewa. "Kweli kabisa, mama," alisema. "Nambari wani."

Mama mkwe akachukua kikombe, akakinywa chote bila kupumua, akaomba kingine, akakinywa nacho. Kisha akamwonyesha nyapara kwa kidole. "Na huyu je?"

"Huyu ameshindwa," nikasema.

"Mara mbili," akasema mama mkwe, na nyapara akainamisha kichwa.

Baada ya muda jasho likakauka. Mama mkwe akaangalia kitambaa chake cha kichwa kilichokuwa sakafuni, akakiokota, akajifunga. Alisema hakumbuki lolote. Mimi nilimwamini kwa siku chache, mpaka nilipompikia irio tena na kumwona akizigeuza kwa kijiko, akizichunguza kwa muda mrefu, midomo yake ikisogea kidogo kama anayesali.

Daktari aliichana michoro yake yote. Ilibidi kuanza upya, na safari hii, baada ya mimi kumfafanulia maneno ya mama, alimketisha mama mkwe akamweleza polepole kwamba hamjaribu moyo wake bali anapima damu yake. "Kipimo," alisema. "Kama mizani ya dukani. Mizani haikuulizi kama wewe mwema."

"Ungesema hivyo tangu mwanzo," mama mkwe akamwambia.

Nyapara aliwekwa chumba kingine. Mimi niliagizwa kukaa mbele ya mama mkwe na kuangalia koo lake linapomeza, kazi ambayo siwezi kumtakia mke yeyote wa mwana wa mtu. Lakini alikunywa, hadi tone la mwisho, akiwa amekunja uso. Siku ya glukosi peke yake mstari wake nao ulipanda mlima. Siku ya glukosi na sindano, mlima haukuwepo. Sukari iliinua kichwa kidogo, ikakirudisha chini. Mstari wa nyapara, hata kwa kikombe chake kimoja tu, na hata baada ya sindano, uliendelea kupanda bila haya.

Kwa hiyo daktari alikuwa amesema kweli kwa bahati tu, siku ile aliyopewa uongo. Mwili wa mama mkwe ulikuwa msikivu. Nyapara wake wa ndani ndiye aliyekuwa mdogo, akihitaji msaidizi. Akaandikiwa insulini kidogo kila asubuhi. Mzee wa kahawa akaambiwa kwake sindano haitafaa sana, apunguze tumbo, na azunguke shamba kwa miguu badala ya kuketi kivulini na kupiga kengele. Alitoka hospitalini akiwa ameudhika kuliko alivyoingia.

Sasa sindano ingechomwa na nani? Mama mkwe alimkataa dresa wa zahanati ya Ruiru kwa sababu alimjua tangu akiwa mtoto asiyevaa nguo. Ikaamuliwa akae kwetu mpaka azoee. Tukafunga pazia katikati ya chumba. Kila asubuhi nilichemsha bomba la kioo na sindano kwenye sufuria, kisha ikabaki ile shida kubwa. Sindano huchomwa pajani. Na paja la mama mkwe si kitu ambacho mke wa mwanawe anaweza kukiona akabaki na macho.

Asubuhi ya kwanza tulikaa sana, yeye upande wake wa pazia, mimi upande wangu, sindano mkononi. Mume wangu alikuwa amekimbilia kazini mapema bila kunywa chai. Mwishowe nikasikia mkasi. Mama mkwe alikuwa anatoboa pazia langu la harusi. Tundu likatokea, na katika tundu hilo likaja kipande kidogo cha paja, ukubwa wa kifuniko cha kikombe, hakuna zaidi.

"Hodi," nikasema, kwa sababu sikujua mtu aseme nini mbele ya kitu kama hicho.

"Karibu," sauti ikajibu kutoka upande wa pili.

Nikachoma. Tulifanya hivyo kila asubuhi kwa miezi, hodi na karibu, mpaka alipojifunza kujidunga mwenyewe. Siku ya kuondoka nilimsindikiza stesheni. Alikuwa na chupa yake ya insulini ndani ya kibuyu kidogo alichokizungushia kitambaa kibichi ili kisipate joto. Treni ilipoingia alinishika mkono, akaugeuza, akautazama kiganja.

"Mkono wako ni mwepesi," alisema. Hakuwa mtu wa kusifu, na kwa miaka yote aliyoishi baadaye, ambayo ilikuwa mingi, sikumbuki sifa nyingine aliyonipa. Kisha akapanda, akatafuta kiti, na kupitia dirishani nikamwona akimwamuru abiria mmoja aliyekuwa akitafuna muwa aende akaketi behewa lingine.